Jumuiya na Wazo Changa la Biashara

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii, unapaswa uweze:
(a) kueleza maana ya wazo la awali, kampuni changa, jumuiya na kupima wazo;
(b) kufafanua njia ambazo jumuiya humsaidia mwanzilishi wa biashara kabla hajaweka mtaji wake;
(c) kutoa mifano halisi yenye mahali na mwaka;
(d) kujadili mipaka ya msaada huo;
(e) kujibu swali la hoja kuhusu mada hii.

Utangulizi

Vijana wengi humaliza kidato cha nne wakiwa na wazo la biashara kichwani. Wachache huwa na fedha za kulijaribu, na mara nyingi fedha hizo si zao. Ni akiba ya mama kwenye kikoba, ni ng'ombe wa baba, au ni mchango wa ndugu. Kwa hiyo wazo likishindwa, hasara haiishii kwa kijana peke yake. Inaingia nyumbani, na pengine mdogo wake anakosa ada. Hii ndiyo sababu ya kujifunza namna ya kulipima wazo mapema, wakati kosa bado ni dogo.

Maana ya istilahi muhimu

Wazo la awali ni fikra ya biashara ambayo haijathibitishwa. Mwenye wazo anaamini kuna tatizo, anaamini ana suluhisho, na anaamini watu watalipa. Yote matatu bado ni imani tu.

Kampuni changa ni biashara iliyo mwanzoni, ambayo bado inatafuta bidhaa inayofaa na wateja wa kuinunua. Inatofautiana na duka la kawaida kwa sababu mwenye duka anajua tayari watu wananunua sukari na sabuni. Mwanzilishi wa kampuni changa hana uhakika huo.

Jumuiya, katika mada hii, ni kundi la watu wanaokutana mara kwa mara kwa jambo wanalolijali pamoja. Inaweza kuwa kikoba, klabu ya shule, chama cha mafundi, ushirika wa wakulima au kituo cha ubunifu. Hapa Tanzania vituo vinavyolea biashara changa huitwa pia vituo atamizi. Neno hilo linatokana na kitenzi atamia, yaani kile anachofanya kuku juu ya mayai yake: kuyapa joto mpaka yatotoe.

Kupima wazo ni kulijaribu kwa gharama ndogo ili kujua kama ni kweli watu wana tatizo hilo, na kama wako tayari kulipa ili litatuliwe.

Mfano wa kuanzia

Chukua mfano huu wa kufikirika. Msichana amemaliza mtihani wa kidato cha nne na anasubiri matokeo. Anataka kununua inkubeta ya kutotolesha mayai na kuuza vifaranga. Mashine inauzwa shilingi 450,000. Mama yake ana kiasi hichohicho kwenye kikoba, nacho kimewekwa kwa ajili ya ada ya chuo cha ufundi ya mdogo wake. Mama anakubali kukopesha, ila kwa sharti moja: binti aende kwanza kikobani, siku ya mkutano, aeleze mpango wake mbele ya kina mama.

Binti anaeleza vizuri, kina mama wanapiga makofi, kisha maswali yanaanza. Mmoja anauliza, "Mwanangu, umeme ukikatika usiku kucha, mayai yatakuwaje?" Mwingine anasema, "Mimi vifaranga vya siku moja sinunui tena. Mwaka jana nilinunua, wakafa kwa kideri. Ungeniletea wa mwezi mmoja waliokwisha kuchanjwa, ningechukua hata kumi." Wa tatu anamwambia kwamba jirani yake ana mashine kama hiyo na hutotoleshea watu kwa malipo ya kila yai.

Binti anarudi nyumbani bila mashine. Ana maarifa matatu ambayo hakuwa nayo asubuhi: hatari iliyo kwenye mpango wake, bidhaa ambayo wateja wanaitaka hasa, na njia ya kujaribu bila kununua mashine. Anaanza na mayai 30. Mayai na malipo ya kutotolesha vinamgharimu shilingi 24,000. Baada ya siku 21 anapata vifaranga 22. Chakula, chanjo na mkaa wa kuwapa joto vinachukua shilingi 36,000. Wanne wanakufa. Waliobaki 18 anawauza wakiwa na mwezi mmoja, kila mmoja shilingi 4,000, anapata shilingi 72,000. Faida yake ni shilingi 12,000.

Faida hiyo ni ndogo. Lakini sasa anajua hasara yake iko wapi, ana wateja wanaomfahamu, na shilingi 390,000 za mama hazikuguswa hata siku moja.

Njia ambazo jumuiya humsaidia mwanzilishi

1. Jumuiya humwonyesha tatizo halisi. Mtu akiwaza peke yake hujibu maswali anayojiuliza mwenyewe. Watu wenye tatizo ndio wanaojua linauma wapi. Binti wa mfano wetu alidhani watu wanakosa vifaranga, kumbe wanakosa vifaranga wanaoishi.

2. Jumuiya huuliza maswali magumu mapema. Swali linaloulizwa kabla ya fedha kutoka ni nafuu. Swali hilohilo likija baada ya mashine kununuliwa linakuwa kilio.

3. Jumuiya huchangia ujuzi na vifaa. Mwanzilishi mmoja hawezi kujua ufundi, hesabu, sheria na masoko kwa pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndani ya kundi kuna mwenye mashine, mwenye uzoefu na aliyewahi kushindwa. Huyu wa mwisho asidharauliwe, maana kosa lake limekwisha kulipiwa.

4. Jumuiya hutoa wateja wa kwanza. Mteja wa kwanza ananunua kwa kuwa anamwamini muuzaji, hata kama bidhaa bado ina kasoro. Naye husema kasoro hizo waziwazi.

5. Jumuiya humkutanisha mwanzilishi na mwenzake. Kampuni nyingi huanzishwa na watu wawili au watatu wanaokamilishana. Mara nyingi watu hao hukutana kwenye kundi ambalo wote walikuwa wakihudhuria.

6. Jumuiya humpa moyo na nidhamu. Aliyeahidi mbele ya watu kwamba wiki ijayo ataleta hesabu, ataileta. Akikwama, kuna wa kumwambia kwamba hata wao walikwama hapohapo.

Mifano halisi

Mfano A: Klabu ya kompyuta huko California, 1975

Tarehe 5 Machi 1975, watu wapatao thelathini walikutana ndani ya gereji ya nyumba huko Menlo Park, California, Marekani. Gereji ilikuwa ya Gordon French, aliyeandaa mkutano huo pamoja na Fred Moore. Kundi lao liliitwa Homebrew Computer Club. Wakati huo kompyuta zilikuwa mali ya makampuni makubwa, vyuo na serikali. Wao walitaka kujitengenezea za kwao.

Baadaye mikutano ilihamia kwenye ukumbi mkubwa zaidi na kuongozwa na Lee Felsenstein. Ilikuwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza mtu alisimama na kusema anachotafuta au alichonacho. Katika sehemu ya pili kila mmoja alimfuata yule aliyetaka kuzungumza naye. Utaratibu huo mwepesi uliwakutanisha wenye maswali na wenye majibu.

Steve Wozniak, mhandisi wa kampuni ya Hewlett-Packard, alihudhuria tangu mkutano wa kwanza. Alichokiona na kukisikia kilimchochea kusanifu kompyuta yake. Aliileta klabuni na kugawa michoro yake bure. Rafiki yake, Steve Jobs, alipoona jinsi watu walivyoipenda, alishauri wauze bodi tupu ili wanunuzi waunganishe vipuri wenyewe. Lakini Paul Terrell, mwenye duka la kompyuta liitwalo Byte Shop, alitaka kitu kingine. Aliagiza kompyuta 50, kila moja kwa dola 500, kwa sharti kwamba ziwe zimekwisha kuunganishwa. Kampuni ya Apple ilianzishwa tarehe 1 Aprili 1976.

Zingatia: jumuiya ilitoa msukumo, wasikilizaji na njia ya kumpata mteja. Mteja naye akalibadilisha wazo. Kama Wozniak angekaa na michoro yake mezani, asingejua kwamba mwenye duka hataki bodi tupu.

Mfano B: Thika na Nairobi, 2005

M-Pesa haikuanzishwa na kijana mwenye kampuni changa. Ilikuwa kazi ya Safaricom na Vodafone. Hata hivyo ni mfano mzuri wa jinsi jumuiya inavyolirekebisha wazo la awali.

Wazo la kwanza lilikuwa kuwasaidia wanachama wa vikundi vya mikopo midogo kulipa marejesho yao kwa simu. Majaribio yalianza Oktoba 2005 Thika na Nairobi, kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya, yakiwa na wateja mia chache tu. Walipopewa huduma hiyo, wanachama waliitumia kwa namna ambayo haikupangwa. Walitumiana fedha wao kwa wao, wengine wakamlipia mwenzao rejesho naye akawalipa kwa njia nyingine. Wasanifu waliliona jambo hilo. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ujumbe wake mkuu haukuwa tena kulipa mikopo, bali kutuma pesa nyumbani.

Zingatia: hakuna aliyewaambia wasanifu kwa maneno kwamba wazo lao lina kasoro. Matumizi ya watu ndiyo yaliyosema. Kwa hiyo kupima wazo kuna sehemu mbili: kusikiliza watu wanachosema, na kutazama wanachofanya.

Mfano C: Barabara ya Ngong, Nairobi, 2010

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, vurugu zilipozuka, vijana wachache waliofahamiana kupitia uandishi wao mtandaoni walitengeneza kwa haraka programu ya kukusanya taarifa za matukio na kuziweka kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Kutokana na uzoefu huo, Erik Hersman na wenzake walifungua iHub mwaka 2010, kituo ambapo watengeneza programu, wabunifu na wafanyabiashara wangeweza kukutana, kutumia intaneti na kufanya kazi karibu karibu. Mwaka 2019 kituo hicho kilichukuliwa na CcHub ya Nigeria.

Mwaka huohuo wa 2010 wasichana watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walishinda shindano la saa 48 la kuanzisha biashara jijini Nairobi. Walikuwa wamekutana katika AkiraChix, kundi la wanawake wa teknolojia. Wazo lao, M-Farm, lilikuwa kumwezesha mkulima kujua bei ya mazao sokoni kwa ujumbe mfupi wa simu, ili dalali asimpunje. Hapa jumuiya ilifanya kazi tatu: iliwakutanisha wenye wazo, iliwapa muda maalumu wa kulijaribu, na iliwaweka mbele ya waamuzi.

Mipaka ya msaada wa jumuiya

Mtahiniwa anayeandika faida tu hajajadili. Taja pia upande wa pili.

Kwanza, sifa si mauzo. Ndugu na marafiki husifu ili wasikuvunje moyo. Kipimo cha kweli ni mtu kutoa fedha au muda wake. Kumi wakisema "wazo zuri" na hakuna aliyelipa hata advansi, bado hujapata mteja.

Pili, wazo linaweza kuchukuliwa. Katika klabu ya California, wanachama walikuwa wakinakiliana programu bila kulipa. Februari 1976 Bill Gates aliandika barua ya wazi akilalamika kwamba programu yake inatumiwa bure na watu wengi. Wozniak aligawa kwa hiari, Gates hakuridhia. Somo ni kutofautisha: eleza tatizo na suluhisho kwa upana ili upate maoni, lakini siri ya utengenezaji ihifadhi. Jina la biashara lisajiliwe BRELA mapema.

Tatu, kundi la watu wanaofanana hutoa majibu yanayofanana. Vijana wa mjini wakijadili shida za wavuvi bila mvuvi hata mmoja, wataishia kukubaliana juu ya jambo wasilolijua.

Nne, mikutano inaweza kugeuka kuwa kazi. Wapo wanaohama kutoka semina hadi semina, kutoka shindano hadi shindano, bila kuuza kitu. Jumuiya humpa mtu joto kama kuku anavyoyapa mayai, lakini kifaranga asipovunja ganda mwenyewe hatoki.

Jumuiya zilizo karibu nawe

Usidhani msaada huu unapatikana kwenye majengo yenye intaneti tu. Tazama kwanza kilicho karibu:

(i) Kikoba. Wanachama hukutana mara kwa mara, huweka akiba na kukopeshana. Kabla ya mkopo, mwombaji hueleza atakachofanya, na wanaomsikiliza ni watu ambao fedha zao wenyewe zimo sandukuni. Hao hawawezi kusifu ovyo.

(ii) SIDO. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo lilianzishwa kwa sheria mwaka 1973. Lina ofisi mikoani, na hutoa mafunzo na ushauri kwa wenye viwanda vidogo, kama vile usindikaji wa vyakula na utengenezaji wa sabuni.

(iii) Vituo vya ubunifu. Jijini Dar es Salaam kipo Buni, kilicho chini ya Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

(iv) Vikundi vya vijana. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 kwa vijana, 4 kwa wanawake na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii hutolewa hasa kwa vikundi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutobaki peke yako.

(v) Klabu ya shule. Miradi ya bustani, sabuni au ufugaji ni mahali salama pa kukosea, kwa sababu hasara yake ni ndogo na mwalimu yupo.

Namna ya kujibu swali la mtihani

Swali: Kwa kutumia mifano, jadili jinsi jumuiya inavyoweza kumsaidia kijana kulipima wazo lake la biashara.

Hatua ya 1: Soma neno la maagizo. "Jadili" linataka pande zote mbili. "Eleza" linataka ufafanuzi wa hoja. "Orodhesha" linataka majina ya hoja tu.

Hatua ya 2: Toa maana ya maneno makuu katika utangulizi, kwa sentensi mbili au tatu.

Hatua ya 3: Kila hoja iwe na sehemu tatu: hoja yenyewe, ufafanuzi wake, na mfano.

Tazama aya hii:

"Jumuiya humsaidia kijana kujua mahitaji halisi ya wateja. Mwenye wazo hudhani anajua watu wanachotaka, lakini watumiaji ndio wanaothibitisha. Kwa mfano, majaribio ya M-Pesa ya mwaka 2005 yalilenga marejesho ya mikopo, lakini wanachama wa vikundi walipotumiana fedha wao kwa wao, huduma ilibadilishwa kabla ya kuzinduliwa mwaka 2007."

Aya ni fupi, na sehemu zote tatu zimo.

Hatua ya 4: Taja angalau mipaka miwili, kisha hitimisha kwa msimamo wako.

Makosa ya kuepuka

Usiandike kwamba jumuiya humpa kijana "mtaji" kisha ukaishia hapo. Swali linahusu kupima wazo, na mtaji huja baadaye. Usitoe mfano usio na mahali wala wakati, kama "kuna kampuni moja kubwa". Usirudie hoja ileile kwa maneno mengine: "kupata ushauri", "kupata maoni" na "kupata mawazo" ni hoja moja.

Maswali ya marudio

1. Toa maana ya (a) wazo la awali (b) kupima wazo (c) kituo atamizi. (alama 6)
2. Eleza tofauti iliyopo kati ya kusifiwa na kupata mteja. (alama 4)
3. "Kosa la mapema ni nafuu." Fafanua kauli hii kwa kutumia mfano wa msichana na inkubeta. (alama 6)
4. Jadili kwa hoja tatu mambo yanayofanana kati ya klabu ya California ya 1975 na kikoba cha mtaani kwenu. (alama 9)
5. Kijana wa kijijini kwenu anataka kuuza ng'ombe wa baba yake ili aanzishe biashara ya bodaboda tatu. Mwandikie barua ya kirafiki ukimshauri watu watano wa kuwauliza kabla hajamuuza, na swali moja la kumuuliza kila mmoja. (alama 15)

Dokezo la swali la 5: Fikiria dereva wa bodaboda mwenye uzoefu, fundi wa pikipiki, aliyewahi kuiacha biashara hiyo, abiria wa kila siku, na baba mwenyewe. Usimsahau baba. Ng'ombe ni wake.